Je, Elimu Ikipanda Huota Ndevu?

Wahenga walituachia usemi kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi walimu wa Kiswahili tumeutumia usemi huo katika insha na mitihani isiyo na idadi, na kila mara tumewaeleza wanafunzi maana yake iliyozoeleka: mtoto asiyesikia la wazazi wake ataonywa na misukosuko ya maisha. Lakini ndani ya maneno hayo machache mna fikira nyingine ambayo haitajwi mara nyingi. Usemi huu unakiri kuwa mwalimu wa kwanza wa binadamu ni mwanamke, kisha unanyamaza juu ya mwalimu wa pili, wa tatu na wa nne. Huo ulimwengu unaompokea mtoto kutoka mikononi mwa mamaye, nani anayefundisha ndani yake? Katika makala haya twataka kulitazama swali hilo jinsi linavyojitokeza katika shule na vyuo vyetu, hasa hapa Uganda na kwa jirani zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo. Tena twataka kuuliza kama mgawanyo wa walimu wanawake na wanaume katika ngazi za elimu ni jambo la maumbile, la haki, au la mazoea tu.

Tuanze na hali ilivyo, maana mjadala usio na hesabu hugeuka porojo. Ukiichukua dunia kwa jumla, kama takwimu za UNESCO za miaka ya karibuni zinavyoonyesha, katika shule za chekechea zaidi ya walimu 90 katika kila 100 ni wanawake. Katika shule za msingi wanawake ni karibu theluthi mbili. Katika shule za sekondari ni nusu na ziada kidogo, na katika vyuo vikuu hawafiki nusu: ni kiasi cha 43 katika kila 100. Barani Afrika, kusini mwa Sahara, ngazi ni ile ile, ila imeteremshwa chini zaidi. Walimu wanawake wa shule za msingi hawafiki nusu, wa sekondari ni karibu theluthi moja, na wa vyuo vikuu ni karibu robo.

Tukisogea nyumbani, picha haibadiliki sana. Uganda ina walimu wanawake zaidi ya 40 katika kila 100 wa shule za msingi, lakini katika sekondari ni karibu mmoja tu kati ya wanne. Nchini Rwanda wanawake wamekwisha kuwapita wanaume kidogo katika shule za msingi, ilhali katika sekondari ni kiasi cha theluthi. Burundi ina karibu nusu kwa nusu katika msingi, na karibu robo katika sekondari. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walimu wanawake wa shule za msingi hawatimizi theluthi moja, na wa sekondari hawafiki hata mmoja katika watano. Basi nchi hizi zinatofautiana katika urefu wa ngazi, wala si katika mwelekeo wake. Kote elimu, kadiri inavyopanda, ndivyo inavyoota ndevu.

Huenda msomaji akasema: hayo ni mambo ya maofisa wa takwimu, yananihusu nini mimi mwenye chaki mkononi? Yanatuhusu sote, kwa kuwa shule hufundisha masomo mawili kwa wakati mmoja. Liko somo linaloandikwa ubaoni, na liko jingine lisiloandikwa. Mtoto wa miaka minne anapokelewa na mwanamke anayemfundisha kushika kalamu na kuimba nambari. Akifika miaka kumi anafundishwa na mchanganyiko wa wanawake na wanaume. Akifika miaka kumi na sita, mbele yake husimama wanaume wengi na wanawake wachache. Akibahatika kufika chuo kikuu, atamaliza pengine mwaka mzima wa fizikia au uhandisi bila kumsikia mwanamke akitoa mhadhara. Hakuna aliyemwambia kwa mdomo kuwa maarifa makubwa ni mali ya wanaume na maarifa madogo ni kazi ya wanawake. Lakini somo hilo amelisoma kila siku kwa miaka kumi na sita, wala hakuna mtihani utakaomwonyesha kuwa amelielewa vibaya.

Jambo la kushangaza ni kwamba lugha tunayoifundisha haikutufunza ubaguzi huo. Kiswahili hakina jinsi ya kike wala ya kiume katika sarufi yake. Tunasema mwalimu ameingia, mkuu wa shule amekasirika, profesa ametunga kitabu, na msikilizaji hawezi kujua kwa maneno hayo kama anayesemwa ni mwanamume au mwanamke. Waweza kusoma barua ya kurasa mbili juu ya mwalimu usipate kujua. Hata hivyo, mwambie mwanafunzi atunge kisa kifupi juu ya mwalimu wa chekechea na kisa kingine juu ya profesa, kisha utazame majina atakayowapa wahusika wake. Lugha imemwachia nafasi wazi, naye anaijaza kwa aliyoyaona. Hivyo upendeleo huu hatukuurithi katika sarufi. Tumeuingiza wenyewe kutoka nje yake.

Na fasihi yetu nayo ina ushahidi wake. Tunapowafundisha wanafunzi utenzi ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake mwaka 1858, tunawaonyesha mwanamke aliyekuwa bingwa wa lugha, wa dini na wa sanaa ya ushairi. Hakuna mhakiki atakayesema kuwa elimu yake ilikuwa ndogo. Lakini darasa lake lilikuwa chumba cha ndani, na mwanafunzi wake alikuwa mwanawe wa kike. Mwanamke mwenye elimu kubwa alikubaliwa kuwa mwalimu, mradi asivuke kizingiti. Mipaka ya kazi yake haikuwekwa na upungufu wa maarifa yake. Iliwekwa na mawazo ya watu juu ya mahali anapostahili kuyatolea.

Shule za kikoloni zilipokuja katika nchi hizi, ziliukuta mpaka huo nazo zikaongeza wao. Zilihitaji makarani, makatekista, wafasiri na mafundi, na kazi hizo zote zilikusudiwa wanaume. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wavulana 14. Kwa miaka mingi wito wake uliwahimiza wanafunzi wawe wanaume, yaani wawe watu wa kweli, kana kwamba maneno hayo mawili yana maana moja. Mwaka 1945 wanawake sita wa kwanza walipopokelewa, wito huo haukuweza kusimama tena, ukabadilishwa uwe wa kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Ni kweli kwamba wamishenari walikwisha kufungua shule ya wasichana ya Gayaza mwaka 1905. Lakini mafunzo ya wasichana katika makoloni yetu yalikuwa kwa muda mrefu ya ushoni, upishi, usafi wa nyumba na malezi. Katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji mambo yalikuwa mazito zaidi. Sophie Kanza alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya kumaliza sekondari, nayo aliipata mwaka 1961, yaani baada ya nchi kupata uhuru. Nchi ambayo haikuwa na mwanamke mhitimu wa sekondari ingewapata wapi wanawake wa kufundisha sekondari?

Hata yule aliyefaulu kupanda hakupokelewa kwa mikono miwili. Sarah Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2018, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuhitimu chuo kikuu, baada ya kusoma Oxford na kumaliza mwaka 1954. Inasimuliwa kuwa zamani alipotaka kusoma hisabati Makerere, mwalimu wa somo hilo alikataa kufundisha darasa lenye mwanamke, naye akalazimika kuchukua masomo mengine. Aliporudi kutoka Uingereza akaenda kufundisha Gayaza, na huko akakuta kuwa mwanamke mwenye shahada analipwa pungufu kuliko mwanamume mwenye shahada kama yake. Yeye hakuomba huruma. Alisema ni heri afundishe bure kuliko kupokea mshahara unaomshusha hadhi, na jambo hilo likafika hata kwa gavana, ndipo likarekebishwa. Tukumbuke kuwa Uingereza yenyewe, iliyokuwa ikitutawala, ilikubali mwaka 1955 tu kuwalipa walimu wanawake sawa na wanaume, na hata hapo ikatekeleza hatua kwa hatua hadi mwaka 1961. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu kinatenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa: kumpa mtu nafasi ya kusimama darasani, na kumpa heshima ya kazi anayoifanya akisha kusimama hapo. Mama Ntiro alikwisha kuipata ya kwanza. Aliyoidai ni ya pili.

Sasa tuzipime sababu zinazotolewa kuitetea ngazi hii. Sababu ya kwanza ni ya maumbile. Husemwa kuwa mwanamke kaumbwa na huruma, upole na subira, kwa hiyo watoto wadogo ni wake, ilhali mwanamume kaumbwa na ukali na fikira za mbali, kwa hiyo vijana na elimu ya juu ni vyake. Hoja hii inapendeza masikioni, lakini tukiigeuza upande wa pili inaonyesha nyufa. Ikiwa subira ndiyo sifa ya mwalimu, kwa nini ihitajiwe na mtoto wa miaka mitano tu? Aliyefundisha kidato cha tatu alasiri ya jua kali, wanafunzi wakiwa wamechoka na wengine wana hasira zisizo na sababu, anajua kuwa subira yote aliyopewa na Mungu haikumtosha. Tena, ikiwa kweli wanawake wana kipawa ambacho wanaume hawana, mbona kipawa hicho hulipwa kidogo kuliko kazi isiyohitaji kipawa? Hatumwambii mtu kuwa ana ujuzi adimu kisha tukampa ujira wa asiye na ujuzi. Anayefanya hivyo hamsifu; anamlipa kwa sifa ili asimlipe kwa fedha.

Hoja hiyo ya maumbile inawavunjia heshima wanaume pia. Inasema kuwa baba hana la kumfundisha mtoto mdogo. Lakini mababu zetu ndio waliokaa na wajukuu kando ya moto jioni wakiwategea vitendawili, wakiwasimulia hadithi na kuwataja watu wa ukoo kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyewacheka kwa kufanya kazi ya kike. Aibu ya mwanamume kufundisha chekechea ni aibu mpya, wala haikutoka katika mila zetu.

Sababu ya pili ni ya wakati. Wako wasemao: tusiwe na haraka, walimu wa leo ni wasichana na wavulana waliosoma miaka ishirini iliyopita, wasichana wa leo wakimaliza masomo, mizani itajisawazisha yenyewe. Katika hoja hii mna ukweli mkubwa, nasi hatuupuuzi. Ngazi ya walimu ya leo ni kivuli cha madarasa ya jana. Kongo inatupa mfano mzuri: kwa miongo mingi mishahara ya walimu ilidhoofika hata wazazi wakawa ndio wanaochangia kuwalipa, hadi elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, na bado waliobaki darasani kwa wingi ni wanaume. Basi si kweli kwamba mshahara mdogo peke yake huwakimbiza wanaume na kuwaacha wanawake. Mahali ambapo wasichana hawakusomeshwa, hata kazi iliyodharauliwa hukosa wanawake wa kuifanya.

Lakini wakati unatibu nusu tu ya ugonjwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya wanawake wanaohitimu vyuo vikuu wamekuwa wengi kuliko wanaume kwa miaka mingi sasa. Pamoja na hayo, walimu wa chekechea wa huko ni wanawake karibu wote, na katika maprofesa wa daraja la juu kabisa wanawake ni kiasi cha watatu tu katika kila kumi. Jirani yetu Rwanda nayo inatufundisha jambo. Bunge lake lilipata wanawake wengi kuliko wanaume mwaka 2008, na tangu mwaka 2013 wabunge wanawake katika baraza la chini wamezidi 60 katika kila 100. Hata hivyo, mbele ya madarasa ya sekondari mwanamke bado ni mmoja kati ya watatu. Wakati ungekuwa daktari, mbona anatibu viungo vingine na kuviruka vingine? Maji hayapandi mlima kwa kungojewa.

Sababu ya tatu ni ya uwezo. Husemwa: mlango u wazi, anayestahili na apite, tusimpendelee mtu kwa ajili ya jinsia yake. Nasi twakubali kuwa mwanafunzi ana haki ya kupata mwalimu anayejua somo lake, na kwamba kumweka mbele yake asiyejua, awe mwanamke au mwanamume, ni kumdhulumu. Tunachouliza ni jinsi huo uwezo unavyokusanywa. Mwalimu wa shule ya msingi apandaje kuwa wa sekondari? Hupanda kwa kusoma zaidi: kozi za likizo, masomo ya jioni, au kwenda chuoni miaka miwili mitatu. Mwalimu mwanamume akienda, mkewe hubaki na watoto, na jamii humsifu kuwa anajiendeleza. Mwalimu mwanamke akitaka kwenda, huulizwa kwanza atamwachia nani watoto, na kama mumewe ameridhia. Likizo ya mwanamume ni nafasi ya kusoma. Likizo ya mwanamke ni zamu nyingine ya kazi. Baada ya miaka kumi, kamati huketi kutazama vyeti, ikamwona mmoja ana shahada na mwingine hana, ikaamua kwa uadilifu kabisa. Kamati haikukosea hesabu. Hesabu yenyewe iliandikwa nyumbani zamani kabla kamati haijaketi.

Makerere ilipoanza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana alama moja na nusu wakati wa kuchagua wanafunzi, wengi walilalamika kuwa kiwango kitashuka. Wanawake wakaongezeka kutoka karibu robo ya wanafunzi hadi karibu nusu kwa muda usiozidi miaka ishirini. Chuo hakikuanguka. Lakini tazama walio mbele ya madarasa hayo hayo, hasa katika vyeo vya juu vya uprofesa: wanawake wangali wachache. Mlango ulifunguliwa, ngazi za ndani zikabaki zilivyokuwa.

Iko hoja moja dhidi yetu iliyo nzito kuliko zote, nayo yafaa ijibiwe kwa unyofu. Husemwa kuwa mwalimu mzuri ni mwalimu mzuri. Wanawake wengi mashuhuri walifundishwa hisabati na wanaume, na wanaume wengi mashuhuri walifundishwa kusoma na wanawake. Msichana hahitaji mwanamke ili aelewe aljebra. Hayo ni kweli tupu. Sisi hatudai kuwa mwanamke hufundisha vema zaidi wasichana, wala kuwa mwanamume hufundisha vema zaidi wavulana. Tunadai kuwa shule ni shahidi. Kila shule, ipende isipende, inatoa ushahidi mbele ya watoto juu ya nani anaweza kujua nini na nani anafaa kumtunza nani. Shule ambayo wanawake wake wote wako chini na wanaume wake wote wako juu inasema uongo juu ya binadamu, hata kama kila mwalimu wake anasema kweli katika somo lake. Na shahidi mwongo hana udhuru kwa sababu ya kufundisha vizuri.

Liko pia jambo la ulinzi, ambalo haifai kulifunika. Katika shule zetu za Uganda huteuliwa mwalimu mwanamke wa kuwalea wasichana: kuwasikiliza, kuwaelekeza wakianza kupata hedhi, kuwatetea wakisumbuliwa na wakubwa. Katika shule nyingi za mbali mwalimu huyo hana wa kumsaidia, kwa kuwa wanawake ni wawili au watatu tu. Akihamishwa au akienda kujifungua, wasichana hubaki bila wa kumwendea. Na mara nyingi wanawake hawapangwi huko kwa sababu hakuna nyumba ya mwalimu yenye mlango wa kufungika. Hapa suala la mizani halihusu falsafa tena. Linahusu kama mtoto wa miaka kumi na mitatu ataendelea na shule au ataiacha.

Basi mzizi wa jambo hili uko wapi? Sisi twaona kuwa uko katika desturi moja ambayo haihojiwi: tumeupima ukubwa wa mwalimu kwa umri wa mwanafunzi wake. Anayefundisha wadogo ni mdogo, anayefundisha wakubwa ni mkubwa. Baada ya kuzipanga kazi hivyo, tukazigawa kwa jinsia. Kwa miaka mingi chekechea nchini Uganda zimeachiwa wazazi na watu binafsi, na mwalimu wake hulipwa kutokana na karo kadiri itakavyopatikana. Wakati huo huo tunawaimbia wanafunzi kuwa samaki mkunje angali mbichi. Ikiwa twaamini kuwa samaki hukunjwa akiwa mbichi, mbona anayemkunja ndiye tunayempunja?

Na hapa walimu wa Kiswahili tuna jambo la kukumbuka. Mwaka 2022 serikali ya Uganda iliongeza mishahara ya walimu wa sayansi wa sekondari wenye shahada hadi kiasi cha shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wenzao wa masomo ya sanaa, wakiwamo wa lugha, walibaki na kiasi cha milioni 1, na mwalimu wa shule ya msingi karibu nusu milioni. Mwezi Juni chama cha walimu, UNATU, kikaitisha mgomo. Hoja iliyosikika kila mahali ilikuwa hii: wote tulisoma miaka ile ile, wote tunaingia darasani saa zile zile, mtoto ni mmoja, kwa nini ubinadamu wetu upimwe kwa somo tunalolifundisha? Hoja hiyo ilikuwa ya haki. Lakini hoja ya haki haichagui mwenyewe. Ikiwa si haki kumshusha mwalimu kwa sababu anafundisha Kiswahili badala ya kemia, haiwezi kuwa haki kumshusha kwa sababu anafundisha herufi badala ya fasihi. Mwalimu wa sekondari anayelia kwamba amepunjwa, kisha akamwona mwalimu wa chekechea kuwa ni yaya tu, analia kwa sauti ambayo yeye mwenyewe haisikilizi.

Ndiyo maana hatuafiki wale wanaodhani kuwa dawa ni kuwapandisha wanawake juu, basi. Wanawake wapande, naam, tena bila kucheleweshwa. Lakini ikiwa kupanda kwao kutamaanisha kuwa wale bora wamewakimbia watoto wadogo kwa kuwa huko chini hakuna heshima, tutakuwa tumelihamisha jeraha tu kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mtoto. Mizani ya kweli inahitaji mwendo wa pande mbili: wanawake wafike juu bila kuonekana ni ajabu, na wanaume washuke chini bila kuonekana wameshindwa. Mwendo huo wa pili hautatokea kwa mahubiri. Utatokea siku mshahara utakapofuata elimu na kazi ya mwalimu, wala si kimo cha mwanafunzi wake.

Yako ambayo ni ya serikali: nyumba za walimu vijijini, mishahara, walimu wa chekechea kuingizwa katika hesabu ya taifa. Yako ya vyuo: kozi za likizo ziwe na mahali pa kuwaweka watoto wachanga, ili mama asichague kati ya mwana na cheti. Lakini yako pia yaliyo mikononi mwetu tangu kesho asubuhi. Tufungue vitabu vya mazoezi ya sarufi tutazame sentensi zetu. Mama anapika. Baba anasoma gazeti. Daktari na mkewe wamefika. Sentensi hizi hazina kosa la upatanisho wa kisarufi, na kila mwaka maelfu ya watoto huzinakili kwa mwandiko mzuri. Si kazi ngumu kuandika kuwa baba anambembeleza mtoto na mama anasahihisha hisabati. Kiswahili hakitavunjika.

Tena tuna bahati ambayo walimu wa masomo mengine hawakuipata. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na Rwanda ilikwisha kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Maana yake ni kwamba jeshi zima la walimu wa somo letu linahitaji kuandaliwa, na mengi yake hayajapangwa bado. Hisabati na sayansi zilirithi ngazi iliyojengwa na wengine; sisi ngazi yetu tunaijenga sasa. Tukiwapeleka wanawake wa Kiswahili msingi na wanaume wa Kiswahili sekondari na vyuoni, kwa mazoea tu na bila hata kufikiri, baada ya miaka thelathini watakaotufuata watakuta jambo hilo limekauka kama saruji, nao wataliita maumbile.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila tawi la chama chetu lihesabu walimu wake wa Kiswahili, wanawake kwa wanaume, katika kila ngazi ya elimu ya wilaya yake, na kuandika pia nani anapewa nafasi za kujiendeleza na nani anazikosa, na kwa sababu gani. Majibu yaletwe katika taarifa hii yachapishwe. Tutakapokuwa na hesabu zetu wenyewe mkononi, tutaweza kulizungumza jambo hili tena, na safari hiyo mbele ya wale wanaopanga mishahara.